Boma la Karema, Lililoachwa na Ziwa

Na mwanachama wa Chama cha Historia, Kidato cha Tano

Muhula uliopita, katika mdahalo wa shule yetu, msemaji mmoja alisimama akasema kwamba mtu anayetaka kuona majengo ya ajabu sharti aende Misri au Ulaya, kwa kuwa pande hizi za Ziwa Tanganyika hakuna jengo hata moja linalostahili kumtoa mtu nyumbani kwake. Wengi walimpigia makofi. Mimi nilikuwa upande wa pili, na nilishindwa kumjibu. Nilitaja stesheni ya Kigoma, ambako reli ya kutoka Dar es Salaam ilifika mwaka 1914. Nikataja na kumbukumbu ya Livingstone kule Ujiji. Kisha maneno yakaniishia, nikaketi. Upande wetu ulishindwa.

Makala haya ni jibu langu, ijapokuwa limechelewa. Wakati wa likizo nilipata bahati ya kufika Karema, mahali ambapo wengi wetu tunapajua kwa jina tu, na wengine hata jina hawalijui. Nimeona huko boma ambalo habari zake zinawahusu mfalme wa Ulaya, ndovu wa Bara Hindi, ziwa lililohama, na mtoto mtumwa aliyekuja kuwa mganga. Nitajaribu kueleza mambo hayo moja moja, ili msomaji naye apate kuhukumu.

Njia ya kwenda

Karema iko ufukoni mwa ziwa upande wa mashariki, kusini ya Kigoma, mwendo wa zaidi ya kilomita 200 kwa maji. Kwa utawala wa leo iko katika Mkoa wa Katavi, Wilaya ya Tanganyika. Njia ni mbili. Ya kwanza ni ya nchi kavu: mtu hutoka Kigoma kwa gari, akapita Uvinza penye chumvi, akaendelea mpaka Mpanda, na kutoka Mpanda akageuka kuelekea ziwani magharibi. Ya pili ni ya maji. Kwa miaka mingi watu wa mwambao huu walisafiri kwa meli ya Liemba, iliyoanza kazi mwaka 1927 baada ya kuzamishwa katika vita na kuinuliwa tena kutoka chini ya ziwa. Mimi nilikwenda kwa boti la mbao pamoja na mjomba wangu, ambaye huuza sabuni na vyombo katika vijiji vya kusini na kurudi na mchele na dagaa.

Tulitoka Ujiji jioni. Usiku wa kwanza tulipita penye mdomo wa mto Malagarasi, na pande zote tuliona taa za wavuvi wa dagaa, mamia kwa mamia, hata ungedhani kuna mji juu ya maji. Mjomba aliniambia kwamba taa hizo huonekana usiku wa giza tu. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawaifuati taa, na wavuvi hupumzika. Siku iliyofuata tuliiona milima ya Mahale, ambayo kilele chake, Kungwe, kina urefu wa zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Miteremko yake inashuka mpaka majini, na katika misitu yake wanaishi sokwe. Hakuna barabara inayopita kati ya mlima na maji. Ndiyo maana watu wa vijiji vile huitegemea boti kama sisi tunavyotegemea basi. Baada ya Kalya na Ikola, tukafika Karema.

Nilishangaa nilipoona kwamba lile boma halikuwa penye maji. Liko mahali palipoinuka, na kutoka ziwani sharti mtu atembee kwa miguu, akipita kwenye ardhi tambarare, ndipo alifikie. Nikamwuliza mjomba, “Je, mjomba, watu waliojenga ngome ya kulinda ziwa, mbona waliijenga mbali na ziwa?” Mjomba akacheka, akasema, “Wao hawakujenga mbali. Ziwa ndilo lililoondoka.” Nilifikiri ananitania. Baadaye nilipopata habari zenyewe nilijua kwamba alisema kweli tupu.

Walioijenga

Mwaka 1876 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aliwaita wasafiri na wataalamu wa jiografia katika mji wa Brussels, na mkutano huo ukaanzisha Chama cha Kimataifa cha Afrika. Makusudi yaliyotangazwa yalikuwa mazuri masikioni: kuichunguza Afrika kwa ajili ya elimu, kuwasaidia wasafiri, na kuikomesha biashara ya watumwa. Ili kutimiza hayo, chama kiliamua kujenga vituo kutoka pwani ya Bahari ya Hindi mpaka ndani ya bara. Kituo cha kwanza kabisa katika Ziwa Tanganyika kilikuwa Karema.

Safari ya kwanza ilianza vibaya. Viongozi wawili, Crespel na Maes, walikufa Unguja mwezi wa Januari 1878 hata kabla ya kuondoka kwenda bara. Ernest Cambier, ofisa wa jeshi la Ubelgiji, akashika uongozi. Yapata mwaka mmoja na nusu ulipita ndipo alipofika Karema, katika nchi ya Wabende, mwezi wa Agosti 1879. Hakutaka kukaa Ujiji, kwa sababu Ujiji ilikuwa mji wa wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili wenye nguvu, nayo ilikuwa tayari ni mwisho wa njia kuu ya misafara itokayo Bagamoyo. Alitafuta mahali ambapo angekuwa bwana wa nafsi yake.

Hapa ni lazima tukumbuke jambo ambalo vitabu vingi hulipita haraka. Cambier hakubeba mzigo mwenyewe. Kila msumari, kila bunduki, kila nguo na kila chupa ya dawa ilifika Karema juu ya vichwa na mabega ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi na watu wa pwani. Ukuta wenyewe ulifinyangwa kwa udongo wa pale pale na kwa mikono ya watu wa Afrika. Kwa hiyo tunaposema kwamba “Wabelgiji walijenga Karema,” tunasema nusu ya kweli tu.

Gharama za wapagazi na shida ya kuwapata ndizo zilizomfanya Mfalme Leopold abuni jambo la ajabu. Alidhani kwamba ndovu waliofugwa wangeweza kuchukua mahali pa wapagazi. Mwaka 1879 ndovu wanne waliletwa kwa meli kutoka Bara Hindi pamoja na wachungaji wao, wakashushwa Msasani, karibu na Dar es Salaam. Kiongozi wao alikuwa Carter, mtu wa Uingereza. Walianza safari kwenda bara, wakipita katika nyika na mabonde, lakini njia iliwashinda. Wakafa mmoja baada ya mwingine, na mmoja tu ndiye aliyefika Karema, mwezi wa Desemba mwaka ule ule. Carter mwenyewe hakurudi kwao. Mwezi wa Juni 1880, akiwa katika safari ya kurudi pwani pamoja na mwenzake Cadenhead, aliuawa katika nchi ya Wapimbwe, katika vita vya majeshi ya Mirambo.

Basi fikiri, ndugu msomaji: ndovu wa Asia alipata kusimama katika ufuko huu wetu, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka pwani, akiyatazama maji ya Tanganyika. Na yule mwenzetu wa mdahalo alisema hapa hapana la ajabu!

Kwa nini ziwa liliondoka

Sasa nieleze fumbo la maji, kwa maana bila kulifahamu hilo mtu hawezi kulifahamu boma.

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 hivi, na kina chake kinafika mita 1,470. Katika maziwa yote ya dunia ni Baikal ya Urusi tu iliyo na kina zaidi. Mito mingi huingia ndani yake, kama Malagarasi na Ruzizi, lakini mto utokao ni mmoja tu: Lukuga, ulio ng'ambo upande wa Kongo, penye mji wa Kalemie. Maji mengi ya ziwa hupotea kwa njia ya jua, yaani hugeuka mvuke, na yanayobaki ndiyo hutoka kwa Lukuga.

Lukuga ni kama mlango. Mlango ukiwa wazi, maji yakizidi hutoka. Mlango ukizibwa, maji hupanda. Katika karne ya 19 mlango huo ulikuwa umezibwa kwa matope, mchanga na matete yaliyoota kwa muda mrefu. Msafiri Cameron alipofika hapo mwaka 1874, na Stanley mwaka 1876, waliona njia ya mto lakini maji hayatoki kwa nguvu. Wakati huo ziwa lilikuwa likipanda. Stanley, ambaye alikuwa amefika Ujiji mwaka 1871 alipokutana na Livingstone, aliporudi mwaka 1876 aliona miti iliyokuwa imesimama sokoni sasa imo ndani ya maji.

Maji yaliendelea kupanda mpaka yakafika juu ya ile zuio la matope. Hapo yakaanza kupita, na yalipopita yakalichimba, na kadiri yalivyolichimba ndivyo yalivyopita zaidi. Ni kama mfereji wa shamba: mkulima akiacha maji yavuke tuta kidogo tu, baada ya saa moja hapana tuta. Mwaka 1878 ndio mwaka ambao ziwa lilikuwa juu kabisa. Baada ya hapo mlango ulivunjika, na katika muda wa miaka kumi na mitano hivi ziwa likashuka yapata mita 10.

Tazama sasa tarehe. Cambier alifika Karema mwaka 1879. Yaani alichagua mahali pa kujenga wakati ambapo maji yalikuwa yametoka tu kufika juu kabisa, na yalikuwa yameanza kurudi nyuma. Mahali ambapo mwambao ni jabali la kwenda chini, kama Mahale au Kigoma, kushuka mita 10 hakubadili mengi. Lakini Karema ufuko wake ni tambarare. Maji yakishuka kidogo, nchi kubwa hubaki wazi.

Mwaka 1880 msafiri kijana Joseph Thomson alipita Karema akashangaa sana. Aliona kituo kimezungukwa na ardhi ya majimaji, hakuna mahali pa kukinga vyombo na dhoruba, na katika maji mafupi vilisimama visiki vya miti. Visiki hivyo ndivyo ushahidi wetu. Mti hauoti ndani ya ziwa. Ikiwa visiki vimo majini, basi pale palikuwa nchi kavu zamani, ziwa likapanda likaua miti, kisha likaanza kurudi mahali pake pa kale. Kwa hiyo ziwa halikuwakimbia Wabelgiji. Lilikuwa likirudi nyumbani, nao hawakujua. Wazee wa pale, walioishi na ziwa tangu utoto wao, huenda wangaliweza kuwaeleza, kama wangaliulizwa.

Jambo hili si la zamani tu. Ujiji nako, kumbukumbu ya Livingstone haiko penye maji. Mgeni akifika hushangaa kuambiwa kwamba zamani ziwa lilikuwa karibu. Na tumeona wenyewe katika miaka ya 2020 na 2021, na tena mwaka 2024, jinsi ziwa lilivyopanda na kuingia katika nyumba na bandari za mwambao, hasa upande wa Burundi. Anayejenga karibu na Tanganyika asihesabu maji ya mwaka mmoja. Ahesabu maji ya miaka mia.

Boma na kazi zake

Je, boma hilo lilitimiza makusudi yaliyotangazwa Brussels? Hapa yatupasa kusema kweli, bila chuki na bila kupamba.

Baada ya Cambier walifuata maofisa wengine. Mmoja wao, Ramaeckers, alikufa hapo hapo Karema mwaka 1882. Mwaka huo huo alifika Emile Storms, akashika uongozi. Mwaka 1883 alivuka ziwa akajenga kituo kingine Mpala, ng'ambo ya Kongo, karibu kutazamana na Karema. Storms hakuishi kama mtaalamu wa elimu tu, alijifanya mtawala. Alipigana na machifu wa ng'ambo, na mwezi wa Desemba 1884 watu wake walimwua chifu Lusinga. Kichwa cha Lusinga kilikatwa, na Storms akakichukua mpaka Ubelgiji kama kitu cha kuwekwa katika mkusanyo. Fuvu hilo lilihifadhiwa Brussels, na katika miaka yetu hii watu wa Ubelgiji na wa Kongo wamelijadili sana. Mwaka 1022 haukuwa huo, wala si hadithi ya kale isiyo na mwenyewe: mwaka 2022, sanamu ya Storms iliyokuwa imesimama katika uwanja mmoja wa Brussels iliondolewa.

Chama kilichotangaza kwamba kinakuja kuzuia ukatili kilifanya ukatili. Lakini Karema hakikudumu nayo. Katika mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885 Leopold alijipatia Kongo, na njia yake ya kuingia ikawa ya Bahari ya Atlantiki, si ya Unguja tena. Kituo cha Karema kikawa hakina faida kwake. Mwaka 1885 alikitoa pamoja na Mpala kwa Wamisionari wa Afrika, waitwao Mapadre Weupe kwa sababu ya kanzu zao. Hivyo ndani ya miaka sita boma lilikuwa limeachwa mara mbili: mara ya kwanza na ziwa, mara ya pili na mfalme.

Mapadre walikaa ndani ya kuta zile zile, na misheni ikakua kutoka katika boma. Kuta zilizojengwa kwa ajili ya bunduki zikawa kuta za shule, za ibada na za kimbilio. Ilikuwa bado ni miaka ya hatari, na watu waliokimbia watekaji walikuja kukaa karibu na misheni.

Mtu aliyelipa boma jina jema

Mwaka 1889 alifika Karema kijana mmoja mweusi ambaye hakuwa mtu wa nchi hii. Jina lake Adrian Atiman. Alizaliwa karibu na mto Niger, katika nchi iitwayo leo Mali, yapata mwaka 1866. Alipokuwa mtoto mdogo alitekwa na wafanyabiashara wa watumwa, akavushwa jangwa la Sahara. Mwaka 1876 Mapadre Weupe walimkomboa katika nchi ya Algeria kwa kumlipia fedha. Wakamsomesha, kisha wakampeleka katika kisiwa cha Malta, ambako alijifunza uganga wa kisasa. Mwaka 1888 alianza safari ya kuja Afrika ya Mashariki, na kutoka pwani alikwenda kwa miguu mpaka ziwani.

Alikaa Karema tangu siku hiyo mpaka alipokufa mwaka 1956. Hesabu mwenyewe: miaka 67. Alioa mwanamke wa Kibende, akawa mtu wa pale. Katika muda huo watawala walibadilika juu ya kichwa chake: Wajerumani walikuja, wakaondoka, Waingereza walikuja, vita kuu mbili zilipigwa. Yeye aliamka kila siku akawatibu wagonjwa. Habari za maisha yake alizieleza mwenyewe, zikachapishwa mwaka 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Leo hospitali moja ya Sumbawanga ina jina lake, na nyumba ya Mapadre Weupe jijini Dar es Salaam nayo huitwa Atiman House.

Nilipokuwa nimesimama nje nikizitazama kuta, mzee mmoja alinipita akiwa na mkongojo. Nilimwamkia, “Shikamoo, babu.” Akaitika, “Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja kutazama mawe?” Nikamwambia natafuta habari za boma la zamani. Akapandisha suruali yake kidogo, akanionyesha kovu refu katika mguu wa kushoto. “Nilikuwa mtoto,” akasema, “nikajikata kwa shoka nikitema kuni. Mama yangu alinibeba mgongoni kutoka kijijini kwetu. Babu Atiman alinishona mwenyewe, mikono yake imezeeka lakini haitetemeki. Basi, habari za boma ndizo hizi.” Akaushusha mguu wa suruali, akaenda zake.

Nilikuwa na daftari mkononi, lakini sikuandika kitu. Niliona kwamba mzee amenijibu swali ambalo sikulijua hata kuliuliza. Mimi nilitafuta nani alijenga kuta. Yeye alinionyesha kwa nini kuta zinakumbukwa. Mfalme aliyetoa fedha hakupata kufika Karema hata siku moja. Maofisa walikaa miaka michache wakaondoka au wakafa. Lakini mtoto aliyenunuliwa na kuuzwa, ambaye kwa haki angeweza kuichukia dunia nzima, alikuja akakaa, na hata leo kuna miguu inayotembea kwa ajili yake.

Namna ya kulitazama jengo

Kutokana na safari hii nimejifunza kwamba jengo ni kama kitabu, nalo lina maswali yake. Nayaandika hapa kwa faida ya wenzangu watakaosafiri:

1. Uliza jengo lilijengwa kwa kusudi gani lililotangazwa, na kwa kusudi gani lililofichwa. Mara nyingi ni mawili.

2. Uliza ni nani waliobeba na waliofinyanga. Majina yao hayako ukutani.

3. Tazama mahali penyewe: maji, udongo, upepo, njia. Kama jambo halieleweki, kama boma la ziwa lililo mbali na ziwa, usikimbilie kusema kwamba wajenzi walikuwa wajinga. Huenda nchi yenyewe imebadilika.

4. Uliza jengo limefanya kazi gani baada ya wenyewe wa kwanza kuondoka.

5. Kabla ya kuondoka, zungumza na wazee. Kitabu kinaweza kungoja; mzee hangoji.

Na kwa atakayekwenda Karema, haya ya kushika njiani. Safiri kwa maji asubuhi au usiku wa shwari, wala usione haya kumwuliza nahodha habari za upepo. Tangu Mei mpaka Septemba upepo wa kusini una nguvu, na mawimbi ya Tanganyika si ya mchezo. Vaa jaketi la kuokolea hata kama wengine wanakucheka. Ukifika, fahamu kwamba mahali pale si makumbusho. Ni misheni ambayo watu wanaishi na kusali ndani yake. Bisha hodi, jitambulishe, uombe ruhusa. Usikwaruze jina lako ukutani. Kuta zile zimevumilia mengi. Zisije zikavunjwa na wanafunzi.

Mwisho

Siku ya kuondoka tulipita karibu na bandari mpya ambayo Serikali imeijenga Karema katika miaka hii, ili mizigo itokayo Dar es Salaam na Mpanda ipate kuvuka kwenda Kongo. Nilipoiona nilikumbuka kwamba Leopold naye aliitaka Karema iwe mlango wa kwenda Kongo, zaidi ya miaka 140 iliyopita. Njia ni ile ile, na ziwa ni lile lile. Tofauti ni kwamba sasa mlango ni wetu wenyewe, na sisi ndio tutakaoulizwa kesho tuliutumia kwa kazi gani.

Kwa hiyo namjibu sasa mwenzangu wa mdahalo. Ni kweli, boma la Karema si kubwa kama mapiramidi ya Misri, wala halina dhahabu. Mtu akipita haraka ataona kuta za zamani tu. Lakini jengo la ajabu si lazima liwe refu. Mdahalo ukirudiwa, sitakaa chini mapema namna ile.